Kaburi la Kale na Mlinzi Wake: Nani Azuru, na Azuru Vipi, Kando ya Ziwa Victoria

Mgeni akifika Mwanza huoneshwa mawe kabla ya kitu kingine chochote. Huoneshwa Bismarck pale majini, huoneshwa vilima vya Bugando na Capri Point, na swali lake la kwanza huwa lilelile: nani aliyapanga? Hakuna aliyeyapanga. Hii ni miamba ya itale yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu. Maji ya mvua yalipenya kwenye nyufa zake ikiwa bado imefunikwa na udongo, yakala pembe, kisha udongo ukaoshwa na kuyaacha mabonge yamekaliana kama tuyaonavyo. Kazi yote ni ya mvua, jua na muda.

Lakini swali la mgeni halijaisha. Je, katika ukanda huu wa ziwa na jirani zake yapo mawe yaliyosimamishwa na watu? Yapo makaburi ya kale yanayostahili safari, kama watu wanavyosafiri kwenda Malta, Misri au Ethiopia? Yapo, na mengine ni ya kale sawa na hayo ya ng'ambo. Ugumu unaanza baada ya jibu hilo. Mahali pa kale pa kuzikia panaweza kufa kwa kusahauliwa, na panaweza pia kufa kwa kutembelewa. Nimesoma na kuuliza mengi kuhusu sehemu hizi, na kila moja inanirudisha kwenye jambo moja: zilizosalia ni zile zenye mlinzi aliye hai, mtu mwenye sababu yake ya kuwa pale hata mgeni asipokuja. Sheria, kibao na uzio huja baadaye, na pasipo mtu huyo havifanyi kazi.

Tuanze mbali kidogo, Malta, kwa sababu ndipo dunia ilipojifunza somo hili kwa gharama. Kisiwa hicho kidogo cha Mediterania kina mahekalu ya mawe makubwa kama Ġgantija, Ħaġar Qim na Mnajdra, yaliyojengwa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Kina pia Ħal Saflieni, kaburi la chini ya ardhi lililochongwa ndani ya mwamba, vyumba juu ya vyumba, ambamo wataalamu wanakadiria walizikwa watu wapatao 7,000. Mafundi waliokuwa wakijenga nyumba waliligundua mwaka 1902. Wageni walipozidi, pumzi zao zenyewe zikawa adui: joto na unyevu wa miili vilianza kuidhuru michoro ya rangi nyekundu kwenye dari. Siku hizi wanaruhusiwa watu 80 tu kwa siku, wakiingia kumi kumi. Malta walikubali kupoteza fedha ya kiingilio ili wasilipoteze kaburi.

Sasa turudi kwetu. Magharibi mwa Ziwa Turkana, Kenya, katika miaka ileile ambayo Ħal Saflieni ilikuwa ikitumika, wafugaji walijenga kaburi la pamoja linaloitwa leo Lothagam North. Matokeo ya uchimbaji yalitangazwa mwaka 2018 na timu iliyoongozwa na Elisabeth Hildebrand, wakishirikiana na watafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Tulitazame kwa karibu, kwa sababu ni watu wachache wa Afrika Mashariki waliowahi kufundishwa habari zake shuleni.

Wajenzi walifukua mchanga wa ufukweni mpaka wakafika kwenye mwamba. Wakazungushia shimo hilo mabamba ya mawe, kisha wakachimba makaburi ndani ya mwamba wenyewe, moja karibu na jingine. Waliendelea kuzika hapo kwa vizazi na vizazi, kati ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita. Shimo lilipojaa walilifunika kwa kifusi, wakatandaza changarawe za basalti juu yake, na kusimamisha nguzo za mawe, nyingine zikiwa zimebebwa kutoka umbali wa kilomita nzima. Jukwaa lote lina upana wa mita 30. Waliozikwa hapo ni watu wasiopungua 580: wanaume, wanawake, wazee, watoto, hata vichanga. Karibu kila mmoja alizikwa na pambo lake, shanga za mawe ya rangi, vipande vya jino la kiboko, na kwa mtu mmoja pambo lililotengenezwa kwa mamia ya meno ya panya wa nyikani. Hakuna kaburi la mfalme. Hakuna upande wa matajiri na upande wa maskini.

Jambo hilo la mwisho lilitikisa fikra za wengi. Kwa muda mrefu vitabu vilisema kwamba jengo kubwa linahitaji mtawala mkubwa, kwamba jiwe zito halisogei mpaka awepo mtu wa kuwachapa wengine viboko. Lothagam inasema vingine. Wakati ule mvua zilikuwa zikipungua kaskazini mwa Afrika, ziwa likirudi nyuma, na wafugaji wakiingia nchi wasiyoijua, wakikutana na wavuvi waliowatangulia. Katikati ya msukosuko huo, kaburi la pamoja ndilo lililowapa mahali pa kukutania na kujuana. Kuzuru kaburi, basi, si desturi iliyoletwa na watalii. Wafugaji wale walikuwa wakirudi penye wafu wao miaka elfu kadhaa kabla ya neno utalii kuwapo. Na kwenye nguzo za Namoratunga, karibu na Kalokol katika eneo hilohilo la Turkana, mpita njia huokota kijiwe akakiweka juu ya jiwe la kale kabla ya kuendelea na safari yake. Hatozwi kiingilio wala hasimamiwi na mtu. Anatimiza adabu.

Msomaji wa Buzuruga, hapa Mwanza, atasema Turkana ni mbali, na kweli ni mbali. Basi ashike barabara inayopita mbele ya nyumba yake. Barabara ya Musoma ikitoka Buzuruga inapita Igoma, Kisesa, Magu, Lamadi na Bunda, inaendelea Tarime hadi Sirari mpakani. Ukivuka na kufika Migori, kilomita zipatazo 46 kaskazini magharibi utakuta Thimlich Ohinga, maboma ya mawe yaliyotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2018. Yanakadiriwa kuanza kujengwa karne ya 16. Kuta zina urefu wa mita moja na nusu hadi mita nne na nusu, na hakuna tone la udongo wala chokaa lililotumika kuzishikanisha. Mjenzi alipanga ukuta wa nje na ukuta wa ndani, kisha akajaza mawe madogo katikati, kila jiwe likilikaba jenzake. Milango ni mifupi kwa makusudi, ili anayeingia ainame na mlinzi amwone kichwa kabla ya mikono. Maboma ya aina hii katika ukanda wa ziwa yamehesabiwa 521, katika sehemu 139.

Ukuta usio na chokaa hausimami miaka 500 kwa ubora wa ufundi peke yake. Jiwe huchomoka, mbuzi hupanda, mzizi husukuma. Umesimama kwa sababu kila jamii iliyohamia hapo ilirekebisha ilichokikuta. Waliojenga mwanzo si haohao waliokaa mwisho. Watu walipokezana, na pamoja na makazi walipokezana kazi ya kurudisha jiwe lililoanguka. Mengi ya maboma yale 521 yamebaki misingi tu. Thimlich limebaki boma.

Na Mwanza yenyewe? Hapa lazima niseme kwa uangalifu. Kuzunguka jiji kuna mapango na miamba ambamo watafiti tangu miaka ya 1960 wamekuta vigae vya vyungu vya kale na michoro ya rangi. Ukerewe na Ukara watu bado wanakwenda kuona miamba yenye masimulizi, likiwemo jiwe linalocheza la Ukara. Kageye, karibu na Kayenze, ndipo msafiri Stanley alipofikia ziwa mwaka 1875 akitoka Bagamoyo, na ndipo mwenzake Frederick Barker alipozikwa mwaka huohuo. Na kote Usukumani kuna makaburi ya watemi, watawala wetu wa jadi, kila utemi na yake. Hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito kuliko yote kwetu, na ndiyo yaliyo hatarini zaidi.

Yaliingiaje hatarini? Tazama walinzi wake walivyoondolewa, mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1963 serikali ilifuta utawala wa jadi. Sababu zake zilikuwa za kujenga taifa moja, na sina nia ya kuirudia kesi hiyo, lakini matokeo kwa makaburi yalikuwa ya papo kwa papo: wale ambao wajibu wao ulikuwa kufagia, kuzindika na kukumbuka walibaki bila cheo na bila posho. Kisha ikaja Operesheni Vijiji katikati ya miaka ya 1970. Msukuma alikuwa akizika nyumbani, na nyumba yake ilikuwa hapohapo alipozikwa babu yake. Alipohamishiwa kijijini kando ya barabara, kaburi lilibaki porini peke yake. Mtoto aliyezaliwa baada ya hapo alilisikia kwa jina bila kulijua kwa njia.

Kuna pia jambo zito zaidi, ambalo wachambuzi wa utalii hulikwepa. Katika mikoa yetu ya ziwa, wazee, hasa akina bibi, wameuawa kwa tuhuma za uchawi, macho yao yaliyoiva kwa moshi wa kuni yakitajwa kuwa ushahidi. Na tangu mwaka 2008 nchi nzima imejua maovu waliyotendewa watu wenye ualbino, hata makaburi yao kufukuliwa, kiasi kwamba zipo familia zilizolazimika kuwazika wapendwa wao chini ya zege. Fikiria basi bibi wa miaka 80 anayejua kaburi la mtemi wa zamani lilipo. Je, atakubali kuonekana pale jioni, amebeba kibuyu na unga wa tambiko? Na mgeni mwenye begi na simu, akiuliza njia ya makaburini, atapokewaje na kijiji? Atapokewa kwa wasiwasi, na wasiwasi huo una haki. Anayetaka watu wa Usukuma wafungue sehemu zao za kale kwa wageni lazima kwanza awahakikishie wazee wao uhai. Hilo ni suala la polisi, mahakama na mahubiri kabla halijawa suala la wizara ya utalii.

Penye pengo la mlinzi huingia wengine. Wa kwanza ni mtafuta mali ya Mjerumani. Hadithi hii inajulikana kutoka Tanga hadi Kigoma: kwamba Wajerumani walipokimbia vita walifukia dhahabu na rupia, wakaweka alama ya mawe juu. Kwa hiyo kila rundo la mawe lililopangwa na mkono wa mtu, hata kama ni kaburi la mfugaji wa miaka 2,000 iliyopita, linageuka kuwa ramani ya hazina. Kondoa, pale Mongomi wa Kolo, penye michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, kuna shimo lililochimbwa na watu wa namna hii katika pango ambamo wenyeji bado wanafanya tambiko la mvua. Hakuna dhahabu iliyopatikana. Kilichopatikana ni tabaka za udongo zilizovurugwa, zisizoweza kurudishwa tena katika mpangilio wake, na pamoja nazo majibu ya maswali ambayo hatujawahi hata kuyauliza.

Wa pili ni mpasua mawe, na huyu namtaja kwa heshima kwa sababu ni jirani yangu na anatafuta ada ya shule. Kazi yake inaonekana kila upande wa jiji letu. Anawasha moto juu ya mwamba, mara nyingi kwa matairi chakavu, mpaka jiwe linaanza kupasuka kwa joto. Kisha inakuja nyundo kubwa, halafu nyundo ndogo, halafu akina mama wanaokaa chini ya kivuli cha turubai wakigonga kokoto na kujaza ndoo. Nusu ya nyumba za Mwanza zimesimama juu ya jasho hilo. Lakini mwamba wenye mchoro wa miaka elfu haujulikani kwa mpasua mawe mpaka mtu amwambie, na hakuna aliyepewa kazi ya kumwambia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuharibu au kuchimba mahali pa kale bila kibali. Sheria hiyo iko kabatini. Mwamba uko Ilemela, hapahapa Mwanza, na kati ya viwili hivyo hakuna mtu.

Sasa linganisha na sehemu zenye mlinzi.

Kisiwani Mfangano, upande wa Kenya wa ziwa letu hilihili, kuna miamba ya Kwitone na Mawanga yenye michoro ya duara nyekundu na nyeupe. Waabasuba waliitumia kwa matambiko ya mvua na kuizungushia miiko mizito. Miiko hiyo ndiyo iliyoilinda dhidi ya vijana wenye mkaa na misumari wanaoandika majina yao kila wanapoona ukuta mtupu. Mwaka 2000 jamii ilianzisha makumbusho yake, na mgeni akifika leo anaanzia hapo, anapewa mtu wa kumwongoza. Mwiko umepata msaidizi, haujafutwa.

Katuruka, karibu na Bukoba, ni kisa kinachogusa zaidi. Ni mahali panapohusishwa na mfalme Rugomora Mahe, na masimulizi ya Wahaya yalisema kwamba palijengwa mnara wa chuma wa kufika mbinguni. Mwanaakiolojia Peter Schmidt aliyasikiliza masimulizi hayo kwa makini, akachimba mwanzoni mwa miaka ya 1970 pale wazee walipomwelekeza, na akakuta mabaki ya uhunzi wa chuma wa miaka zaidi ya 2,000. Wazee walikuwa wamehifadhi kumbukumbu ya kazi ya chuma mahali palepale kwa muda ambao hakuna kitabu chetu kimeufikia. Halafu likaja janga la UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na vifo vilivyofuata viliondoa kizazi kizima cha watunza masimulizi. Schmidt aliporudi baada ya miaka mingi alikuta wengi wa waliomfundisha wamezikwa. Waliobaki, wakiwemo wanawake ambao hapo awali watafiti hawakuwauliza chochote, waliamua wenyewe kukusanya kilichosalia na kuirudisha nyumba ya kaburi la mfalme. Wazo lilitoka kwao na kazi wakaifanya wao.

Na Kasubi, Kampala. Hapa wamelala makabaka wanne, wafalme wa Buganda: Muteesa wa Kwanza aliyefariki mwaka 1884, Mwanga, Daudi Chwa na Muteesa wa Pili. Nyumba kuu ni ya nyasi, haina jiwe kubwa hata moja, lakini UNESCO iliitambua mwaka 2001 kuwa urithi wa dunia. Anayedhani kwamba ukuu wa mahali pa kale unapimwa kwa tani za mawe akae kidogo mbele ya nyumba hiyo. Mgeni anavua viatu mlangoni. Anakaa chini kwenye mkeka. Mbele yake kuna pazia la mbugu, kitambaa cha gome la mti, na nyuma ya pazia wanasema kuna msitu ambako makabaka wameingia. Hapo havuki mtu. Juu, dari ina pete 52 za nyasi, kila pete ukoo mmoja wa Buganda. Wanawake wa nyumba ya kifalme huishi hapo wakitunza mahali kwa zamu, kazi wanayoirithi.

Tarehe 16 Machi 2010 nyumba hiyo iliungua usiku mmoja ikateketea. UNESCO wakaiweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kama ingekuwa jengo tu, habari ingeishia hapo. Lakini Kasubi ilikuwa na watu wake: ukoo wa Ngeye wenye wajibu wa kuezeka, mafundi wa pete za dari, wanawake wa ndani wanaojua kila kitu kilikaa wapi. Kazi ilikwenda polepole mno, kwa ugomvi na subira, na mwaka 2023 Kasubi iliondolewa kwenye orodha ya hatari. Jengo linaweza kuungua na kurudi ikiwa kazi ya kulitunza imegawanywa kwa watu wanaojulikana kwa majina na koo zao.

Wapo wanaopinga ziara hizi kwa sababu za dini, na hoja yao isipuuzwe. Mchungaji au shehe anapoona kijana wake akienda kwenye kaburi la mtemi, anaogopa kwamba leo ni ziara na kesho ni ibada ya mizimu. Ninamjibu kwa mifano miwili. Hapo Bujora, juu ya kilima cha Kisesa, aliyekusanya ngoma za watemi, viti vyao na mavazi yao baada ya utawala wa jadi kufutwa ni padri, David Clement, mmisionari aliyetoka Quebec, Kanada. Aliona kwamba watu wakipotezewa kumbukumbu ya babu zao hawawi Wakristo bora. Wanakuwa watu wasio na kwao. Makumbusho ya Wasukuma yaliyotokana na kazi yake bado yapo ndani ya eneo la parokia. Upande wa Waislamu, Kaole karibu na Bagamoyo kuna magofu ya msikiti na makaburi yenye nguzo za mawe, ya karne nyingi zilizopita, na watu bado huenda kuwaombea dua waliolala pale. Kumwombea marehemu, kufagia kaburi lake na kulijua jina lake si shirki wala upagani.

Wapo pia wanasayansi, nao wana haki yao. Mwaka 2019 watafiti walichapisha vinasaba vya watu 41 wa kale kutoka Kenya na Tanzania, wengi wao wafugaji waliozikwa chini ya mawe na mapangoni. Tulijifunza kwamba ufugaji haukuletwa huku na kabila moja lililowafukuza wengine. Watu walichanganyika, kwa awamu, wageni wa kaskazini na wawindaji wenyeji, na damu yao imo ndani yetu. Elimu hii haipatikani kwingine ila kwenye mifupa. Lakini sayansi nayo iliwahi kuzuru makaburi yetu bila hodi. Enzi za ukoloni wa Kijerumani mafuvu yalifukuliwa na kusafirishwa kwa makreti. Utafiti uliofanywa Berlin juu ya mafuvu 1,135 kutoka Afrika Mashariki ulitangazwa mwaka 2023. Zaidi ya 200 ni ya Tanzania, na katika baadhi walipatikana ndugu walio hai Kilimanjaro. Fuvu la Mkwawa lilirudi Kalenga mwaka 1954, miaka 56 baada ya kifo chake. Kwa hiyo mtafiti anayekuja leo na kibali cha wizara bado anapaswa kupita kwa mzee wa mahali, akae, aseme anachotaka kuchukua, kwa muda gani, na kitarudi lini. Kibali cha Dodoma hakitoshi peke yake.

Nasema haya nikiamini kwamba watu wa Mwanza hawahitaji kufundishwa namna ya kuzuru wafu. Igoma, kituo kinachofuata baada ya maeneo yetu ya Buzuruga na Nyakato, yapo makaburi ya waliokufa katika MV Bukoba, meli iliyozama tarehe 21 Mei 1996 na mamia ya watu ndani yake. Wengi walizikwa pale bila kutambuliwa. Kila mwaka ikifika Mei, watu huenda, viongozi wa dini zote husimama pamoja, majina husomwa. Ukara nako, baada ya MV Nyerere kuzama Septemba 2018, kisiwa kilibeba wajibu huohuo. Hakuna anayekwenda Igoma kupiga picha za kujionesha, hakuna anayechokonoa udongo kutafuta pete. Adabu ya ziara tunayo tayari. Hatujaipeleka tu kwa wafu wa zamani zaidi, kwa sababu hatujui majina yao na hakuna aliyebaki kutuambia.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya swali zima ni hii. Mahali pa kale penye mlinzi pazuriwe, na ziara imwongezee mlinzi nguvu: sehemu ya kiingilio iende kwake moja kwa moja, na neno lake la kukataa liheshimiwe, hata akisema leo hapafunguliwi. Mahali pasipo na mlinzi pasitangazwe kabisa. Pasiwekwe kwenye ramani za simu, pasipigwe picha za kurushwa mitandaoni, mpaka apatikane mtu wa kukaa pale. Najua wadau wa utalii wa Kanda ya Ziwa wanataka orodha ndefu ya vivutio, na haraka. Orodha ndefu bila walinzi ni tangazo kwa wachimba hazina. Halmashauri zikipata fedha kidogo, zisianze na lango la zege na kibao cha rangi. Zianze na posho ya mtu mmoja na mwanafunzi wake mmoja, ili mzee akiondoka, kazi isiondoke naye.

Na wapasua mawe waingizwe katika kazi hii, wasifukuzwe. Hakuna anayeijua miamba ya Ilemela kuliko wao. Ofisa utamaduni akitembea nao kabla eneo jipya halijawashwa moto, akaangalia kila uso wa mwamba na kila pango, siku moja itatosha kuokoa kilichokaa miaka elfu.

Wewe unayesoma ukiwa Buzuruga, anza karibu. Panda daladala ya Kisesa, teremka, chukua bodaboda hadi Bujora, lipa kiingilio na umsikilize anayekuongoza mpaka amalize. Kisha ukirudi nyumbani likizo, mwendee babu au bibi yako, umwamkie, ukae naye, umwulize wazazi wa wazazi wake walizikwa wapi, na nani alikuwa akipafagia. Usiende pale kabla hajakuambia kwenda. Andika majina yote atakayoyataja, kwa daftari na kalamu, na umpe nakala mtoto mmoja wa ukoo anayependa kusoma.